Mali Ikiibwa Katika Stoo ya Kukodi: Nani Anabeba Hasara?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mume, kijana au kaka anayetafuta riziki bara, na baadhi yao wamefika mpaka mkoa wa Mara: Tarime mjini, Sirari kwenye mpaka wa Kenya, Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, na Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Wapo wanaouza nguo, viatu, vyombo na vipuri, na wapo wanaonunua mahindi na maharage wakati wa mavuno ili wauze baadaye. Wenye ghala lao ni wachache. Wengi hukodi fremu, au chumba cha uani, au sehemu ndani ya godauni la mtu mwengine. Wanaozunguka minadani huacha mzigo kwa mtu usiku mmoja kwa malipo.

Kufuli likivunjwa, hasara ni moja, lakini mara nyingi huzaa magomvi matatu: baina ya mfanyabiashara na mwenye stoo, baina yake na ndugu waliotoa mtaji, na baina yake na mtu anayemdhania kuwa ndiye mwizi. Katika makala haya tunaeleza hukumu za sharia katika kila moja, tukifuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi wa visiwani, na tunataja njia za kisheria zilizopo huko mali ilikoibwa.

1. Ulikodi mahali, au ulikabidhi mali?

Hili ndilo swali la kuanza nalo, kwani watu husema "nimekodi stoo" wakakusudia mambo matatu tofauti, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni kukodi mahali patupu. Chumba ni cha mwenye nyumba, kufuli ni lako, na ufunguo unao wewe peke yako. Hii ni ijara. Mali yako haikuingia mkononi mwa mwenye nyumba, hajui umeingiza nini wala umetoa nini. Ikiibwa, yeye halipi, maana alichokuuzia ni manufaa ya chumba. Mlango ukiwa mbovu au bati limeachia, ni juu yake kutengeneza. Asipotengeneza, wewe una khiyari ya kuvunja mkataba. Lakini ukiendelea kukaa na mali yako ndani ya chumba unachokijua kuwa ni kibovu, usimbebeshe yeye hasara. Hukumu inabadilika ikithibiti kwamba alibaki na ufunguo wa pili akafungua, au akampa mtu mwengine aliyeiba, au yeye mwenyewe ndiye aliyechukua. Kumiliki jengo hakumpi haki yoyote juu ya kilichomo ndani. Wanazuoni wa Kishafi wamefika kusema kwamba aliyekodisha mahali kisha akaiba humo mali ya mpangaji ni mwizi kama wezi wengine.

La pili ni kumwachia mtu mali aitunze bila malipo. Hii ni wadia, yaani amana.

La tatu ni kumlipa mtu atunze mali, au alinde godauni ambalo mali za watu wengi zimo. Huyu ni mwajiriwa wa kulinda, na hapa ndipo wanazuoni walipokhitalifiana, kama tutakavyoeleza.

Zamani mfano wa masuala haya ulikuwa hamamu ya kuogea. Mtu huvua nguo zake, akaziacha na kuingia kuoga, akitoka hazipo. Wanazuoni wetu walisema: ikiwa hakumkabidhi msimamizi wa hamamu nguo hizo, msimamizi halipi, hata kama alikuwa amekaa pale pale. Ikiwa alimwambia azilinde naye akakubali, kisha akazembea, analipa. Stoo ya Tarime au Mugumu haiko mbali na hamamu hiyo. Kinachoangaliwa ni makabidhiano na kukubali, na mtu kuwa karibu na mali hakutoshi kumfanya mdhamini.

2. Mkono wa amana

Mwenyezi Mungu (S.W.T) Ametuamuru katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, turudishe amana kwa wenyewe, na katika Suratul-Baqarah, aya ya 283, Amemtaka aliyeaminiwa aitekeleze amana yake na amche Mola wake. Juu ya msingi huo wanazuoni wakasema kwamba aliyepokea amana, mkono wake ni mkono wa amana: mali ikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Lau angelipishwa kwa kila hali, watu wangekataa kupokea amana za wenzao, na msafiri angekosa pa kuweka mzigo wake.

Na anayelipwa kwa kutunza? Kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kwamba huyu naye ni amini, halipi ila kwa kuvuka mpaka au kuzembea. Wanafunzi wawili wa Imam Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, waliona kwamba anayepokea mali za watu mbalimbali kwa malipo analipa kila kilichopotea kwa sababu inayoweza kuepukwa, na wizi ni katika sababu hizo. Majalla, sheria iliyoandikwa na dola ya Uthmaniyya, katika kifungu cha 777, ilisema hivyo kwa amana inayotunzwa kwa ujira. Hoja yao ni kulinda mali za watu, kwani mlipwaji akijua hatadaiwa, huenda akalala.

Tunachonasihi ni kwamba mwenye stoo na mpangaji wakubaliane mapema kazi ya ulinzi ni ipi, maana hata kwa madhehebu yetu kuzembea kunapimwa kwa kazi aliyoikubali. Mlinzi aliyelipwa akeshe, akalala ndani na kuacha geti wazi, amezembea. Mlinzi aliyefungwa kamba na majambazi hakuzembea.

3. Mambo yanayomfanya mtunzaji alipe

Kuzembea na kuvuka mpaka si maneno ya kupiga chuku. Vitabu vya fiqhi vimeyataja mambo yake, nasi tunataja yanayotokea sana katika stoo:

a) Kuweka mali mahali pasipo hifadhi ya mali kama hiyo. Hifadhi hupimwa kwa ada ya watu wa pahala. Gunia la mkaa linaweza kukaa uani, lakini simu na vitenge haviwekwi uani.

b) Kuhamisha mali kutoka pahala ulipokubali wewe kwenda pahala dhaifu zaidi bila ya idhini yako na bila ya dharura.

c) Kumkabidhi mtu mwengine mali au ufunguo bila ya idhini na bila ya udhuru.

d) Kuitumia mali, kwa mfano kuuza gunia mbili "atazirudisha wiki ijayo".

e) Kuchanganya mali yako na yake bila ya idhini mpaka isiweze kupambanuliwa.

f) Kukataa kuirudisha ulipoidai bila ya udhuru, au kukana kwamba aliipokea.

Likithibiti moja katika haya, mkono wake umekuwa mkono wa dhamana, na hata mwizi akija baadaye, yeye analipa.

Kuhusu kuchanganya nafaka, mara nyingi wenyewe huridhia: watu watatu humwaga mahindi ya aina moja katika rundo moja. Kwa ridhaa yao wamekuwa washirika katika rundo lile, na hasara ni kwa kadiri ya mafungu. Mmoja ana gunia 40, wa pili 60, wa tatu 100. Jumla ni 200. Zikiibwa 50, ni robo ya rundo, basi kila mmoja amepoteza robo yake: 10, 15 na 25. Ama gunia zikiwa zimewekwa alama za kila mtu na zikaibwa zenye alama yako, hasara ni yako peke yako, na wenzako hawalazimiki kukuchangia ila kwa wema wao.

4. Anadai ameibiwa: neno la nani linakubaliwa?

Mtume (S.A.W), katika hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba watu lau wangepewa kwa madai yao tu, wengine wangedai damu na mali za wenzao, na kiapo ni juu ya anayedaiwa. Basi ukidai kwamba mtunzaji amezembea, lete ushahidi.

Naye mtunzaji akisema "mali imeibwa", wizi ni sababu iliyofichika ambayo kwa kawaida haina mashahidi. Anasadikiwa kwa kuapa kwa Mwenyezi Mungu. Akidai sababu ya dhahiri, kama moto au mafuriko, na haijulikani kwamba tukio hilo limetokea, hasadikiwi mpaka alete ushahidi wa tukio lenyewe, kisha aape kwamba mali ilipotea kwa tukio hilo. Hukumu hii haibadiliki kwa dini ya mtu. Wenyeji wengi wa Tarime na Serengeti si Waislamu, na haki ya mwenye stoo asiyekuwa Muislamu ni ile ile: hatuhumiwi bila ya ushahidi, wala mali yake hailiwi kwa kisingizio cha kufidia hasara.

5. Ndugu waliotoa mtaji

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Kijana amepewa fedha na kaka zake afanye biashara Sirari, wagawane faida. Huu ni mudharaba. Stoo imevunjwa, na wao wanamtaka alipe.

Ikiwa aliweka mali kama wafanyabiashara wenzake wanavyoweka, halipi. Hasara ya mtaji ni ya wenye mtaji, naye amepoteza jasho lake. Ikiwa biashara ilikuwa imeshaanza na kupata faida ambayo bado haijagawiwa, wizi huo hufidiwa kwanza kutoka katika faida hiyo, ndipo kinachobaki kigawiwe. Ikiwa alikwenda kinyume na masharti yao, kwa mfano walimwambia asilaze mzigo nje ya Tarime mjini naye akaulaza kwengine, au aliacha kufuli kwa uvivu, analipa. Wasimlipishe kwa sababu tu ya kwamba mali imepotea mikononi mwake, wala wasimwite mwizi, kwani kumsingizia ndugu khiyana ni dhulma nyengine juu ya dhulma ya mwizi.

Ama mali kauli, yaani aliyochukua kwa mfanyabiashara wa jumla ili alipe baadaye, hiyo imeshakuwa milki yake na bei yake ni deni. Wizi hauondoi deni. Lakini mwenye kudai akumbuke aya ya 280 ya Suratul-Baqarah, inayoamrisha kumpa muda mdaiwa mwenye shida, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

6. Hatua za kuchukua baada ya wizi

Usiguse mlango wala kufuli lililovunjwa. Mwite mwenye stoo, mlinzi na jirani mmoja waone pamoja nawe. Piga picha. Kisha nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Tarime ipo chini ya Kanda Maalumu ya Polisi Tarime/Rorya. Mugumu na wilaya ya Serengeti zipo chini ya polisi wa mkoa wa Mara. Hakikisha umepewa namba ya taarifa, ile ambayo watu huiita RB, na uitunze. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

Andika orodha ya vilivyoibwa kwa idadi, alama na bei uliyonunulia. Usiongeze hata kitu kimoja ili "ufidie usumbufu". Hiyo ni batili na ni ushahidi wa uongo. Kusanya risiti za manunuzi, daftari la stoo, ujumbe wa malipo katika simu na mkataba wa kukodi.

Kisha tenganisha kesi. Wizi wenyewe ni jinai: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaueleza wizi, na pia inahusu kupokea mali ya wizi. Uzembe wa mtunzaji ni madai, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa kawaida mwenye busara angeitunza mali yake mwenyewe. Mtaona kipimo hiki kipo karibu sana na cha fiqhi. Mahakama za Kadhi za Zanzibar hazisikilizi kesi ya namna hii. Zinashughulika na mambo ya ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana nayo. Kudai haki yako katika mahakama za nchi ni jambo linalojuzu, kwa sharti udai kilicho chako tu. Mkipatana kwa sulhu mbele ya wazee na mashahidi kabla ya kufika huko, ni kheri, na sulhu hiyo iandikwe.

7. Yasiyofaa kufanywa

Kupiga na kuchoma moto mtu anayedhaniwa kuwa mwizi ni haramu. Hata adhabu ya wizi iliyotajwa katika Suratul-Maidah, aya ya 38, haitekelezwi na mtu binafsi wala kundi la watu wa sokoni. Ni ya mwenye mamlaka, baada ya masharti mengi na kuondoka kwa kila shaka. Katika vijiji vya Wakurya kuna mkutano wa wazee na wananchi, iritongo, ambao tangu zamani umekuwa ukishughulikia wizi, khasa wa ng'ombe. Kuomba msaada wao wa kutafuta mali hakuna ubaya. Ubaya ni kushiriki katika kumpiga mtu ili akiri.

Pia haijuzu kwenda kwa mganga atazamie mwizi. Anayosema mganga si ushahidi, na amegombanisha majirani wengi wasio na kosa. Na wako ndugu zetu ambao kitu cha kwanza hukimbilia kusomesha Albadiri. Tunanasihi waache. Hatuna mafundisho ya Mtume (S.A.W) ya kuifanya Qur'ani au majina ya watu wa Badri kuwa silaha ya kuwatisha watuhumiwa, na mara nyingi likitokea gonjwa au ajali katika mtaa, mtu asiyehusika hunyooshewa kidole maisha yake yote. Aliyedhulumiwa amfungulie Mola wake moyo kwa dua. Dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi, na Mwenyezi Mungu Anamjua mwizi bila ya kutajiwa jina.

8. Ukiikuta mali yako kwa mnunuzi

Mali ya wizi husafiri. Kilichoibwa Mugumu chaweza kuonekana mnadani kwengine, au kikavuka Sirari kwenda Isebania upande wa Kenya. Katika hadithi ya Samura bin Jundub, aliyoipokea Abu Daud na An-Nasai, mwenye kukuta mali yake hasa kwa mtu mwengine ana haki zaidi nayo, na mnunuzi atamfuata aliyemuuzia. Basi mali ni yako hata kama mnunuzi alinunua kwa nia safi, maadam umethibitisha kuwa ni yenyewe. Hapa ndipo alama na risiti zinaponufaisha. Usimnyang'anye, mwite polisi. Nasi tunawausia wanunuzi: bei ikiwa chini mno na muuzaji hana risiti wala hataki kutaja alikopata, acheni. Anayejua kwamba ni ya wizi akainunua ni mshirika katika dhambi.

9. Mwizi akipatikana, na zaka ya mali iliyoibwa

Mwizi lazima arudishe mali, au thamani yake ikiwa imekwisha. Akifungwa, jela haimwondolei deni la haki ya mtu. Kusamehe kunajuzu na kuna fadhila. Safwan bin Umayya aliibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini, mwizi alipohukumiwa, Safwan akataka kumsamehe, na Mtume (S.A.W) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Msamaha una wakati wake. Lakini mtaji wa ndugu zako si wako kuusamehe, waulize kwanza.

Ama zaka, mali iliyo mikononi mwa mwizi hulazimiki kuitolea sasa. Ikirudi, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba unaitolea zaka ya miaka iliyopita. Isiporudi, huna unalodaiwa.

10. Kabla ya kufunga kufuli

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana. Kwa stoo andikeni: kodi ni ya chumba, au ni ya chumba na ulinzi, funguo ni ngapi na zipo kwa nani, mlinzi ni nani, analipwa na nani, na saa zake ni zipi, mali iliyoingia ni kiasi gani na kila siku inayotoka inaandikwa wapi. Sharti la kwamba mwenye stoo "hahusiki na upotevu wowote" halimwondolei dhima akivuka mpaka au akizembea, na kwa madhehebu yetu sharti la kumlipisha amini hata asipozembea nalo ni batili. Mwenye mazao mengi aangalie pia maghala yenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ambayo humpa mwenye mali stakabadhi ya kile alichoweka.

Na familia zilizobaki visiwani zina sehemu yao. Mtoa mtaji aulize mali inalala wapi na ufunguo anao nani, na nakala ya mkataba iwepo nyumbani, ili siku ya msiba pawepo karatasi ya kuamulia kabla ya ndugu kuanza kutazamana kwa shaka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Awahifadhie wafanyabiashara wetu mali zao, Awarudishie walioibiwa kilicho bora zaidi, na Atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.